Majilio ya Mpakani

Kila Desemba mahubiri ya makanisa yetu hugeukia soko. Waumini huambiwa waache kufikiria nguo mpya, nyama, nauli na safari, wafikirie hori la Bethlehemu. Huambiwa kwamba Krismasi imetekwa na wachuuzi, na kwamba kipindi cha Majilio, yale majuma manne yanayoitangulia, ni cha kuondoa macho duniani na kuyainua juu. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na huenda mahali pengine unafaa. Ukitolewa Illasit unagonga mwamba, kwa sababu Illasit ni soko. Mji huu wa kusini mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya Kilimanjaro, umemea pale ambapo barabara ya kutoka Emali na Loitokitok inakutana na Tarakea ya upande wa Tanzania, na watu wake huishi kwa kununua, kuuza, kuvusha na kubadilisha fedha. Wamasai huleta ng'ombe na mbuzi. Wakulima wa Rombo na Kimana huleta nyanya na vitunguu vya kumwagilia maji. Ndizi na maharagwe hushuka kutoka miteremko ya mlima. Desemba shughuli hupamba moto zaidi, maana ndipo Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaporudi kwao Rombo ya Tanzania, Marangu na kwingineko mlimani, na kila nyumba inayopokea wageni inahitaji kitu kutoka sokoni. Huko methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone ni hesabu ya biashara. Kumwambia mtu wa Illasit aondoe macho sokoni ni kumtaka aadhimishe Majilio mahali asipokuwapo. Ushauri huo una kasoro iliyo kubwa kuliko hiyo pia: Majilio yenyewe hayautoi.

Tuyaangalie masomo ya msimu. Katika utaratibu wa miaka mitatu ambao Kanisa Katoliki liliutoa mwaka 1969, na ambao makanisa mengi ya Kiprotestanti duniani yanafuata jamaa yake, hori halitajwi katika Injili ya Jumapili yoyote ya Majilio. Jumapili ya kwanza inahusu ujio wa mwisho. Ya pili na ya tatu ni za Yohane Mbatizaji. Ya nne ndiyo inayofika kwa Maria na Yosefu, na hata hapo mtoto hajazaliwa. Kanuni za kalenda ya liturujia zinasema wazi kwamba ni kuanzia tarehe 17 hadi 24 Desemba ndipo fikira zinapoelekezwa moja kwa moja kwenye kuzaliwa kwa Bwana. Sehemu kubwa ya msimu, basi, imetengwa kwa jambo jingine. Jambo gani? Mwaka A, wa kwanza kati ya hiyo mitatu, hufungua kwa habari za siku za Nuhu, watu wakila na kunywa, wakioa na kuolewa, bila kujua lolote. Kisha Mathayo anataja wanaume wawili shambani na wanawake wawili wanaosaga nafaka: mmoja anatwaliwa, mwenzake anaachwa. Wafasiri wamebishana sana kuhusu anakokwenda yule anayetwaliwa, wakapita haraka jambo lililo wazi zaidi, kwamba hao wawili wanafanya kazi ileile. Aliyekuwa macho hakupanda mlimani kusali huku mwenzake akisaga. Jiwe ni moja na unga ni mmoja. Luka, katika Injili ya Mwaka C, anaonya kwamba mioyo inaweza kulemewa na ulevi na masumbufu ya maisha, akiviweka viwili hivyo bega kwa bega, na ni vizuri kuona kwamba anataja masumbufu, hataji kazi. Mtu anaweza kufanya kazi mchana kutwa akiwa macho, na anaweza kukaa kanisani saa mbili akiwa amelewa wasiwasi.

Lakini somo linaloikamata Illasit kooni ni la Jumapili ya tatu ya Mwaka C. Watu wanamwendea Yohane na swali moja: tufanye nini? Luka anawapanga katika makundi matatu. Wa kwanza ni umati wa kawaida, wenye kanzu mbili na chakula cha akiba. Wa pili ni watoza ushuru. Wa tatu ni askari. Ukitaka kuorodhesha watu wa mpakani leo hutapata orodha iliyo bora: raia na mizigo yao, maafisa wa forodha, polisi. Na hilo si la kubahatisha, kwa kuwa Yordani alikobatizia Yohane ulikuwa mto wa mpakani, upande mmoja Uyahudi iliyokuwa chini ya liwali wa Kirumi, upande wa pili Perea ya Herode Antipa. Majibu anayowapa ni mafupi kiasi cha kuudhi. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alichoamriwa. Askari asimnyang'anye mtu kwa vitisho wala kwa mashtaka ya uongo, na atosheke na mshahara wake. Hakuna hata mmoja anayeambiwa aache kazi, ingawa kazi ya ushuru wakati ule ilichukiwa na kila mcha Mungu. Hakuna anayeambiwa ahamie jangwani ale nzige. Nabii anayedaiwa kuwa mkali kuliko wote anawarudisha watu mezani pao, kwenye daftari, mizani na kizuizi cha barabarani, akiwaambia kwamba hapo ndipo njia ya Bwana inapotengenezwa.

Tuyatafsiri majibu hayo kwa lugha ya Illasit ya sasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia bila kutozwa ushuru wa forodha. Zipo ada na vibali vingine, kama vya afya ya mimea, lakini kiwango cha ushuru wenyewe kinajulikana. Kwa hiyo kilichoamriwa kipo, kimeandikwa. Mama mwenye magunia mawili ya maharagwe asiyejua kwamba kimeandikwa ni windo la kila mtu: la afisa asiye mwaminifu, la dalali, la kijana anayejiita wakala. Kutojua kwake ndiko mtaji wao. Simtuhumu mtu yeyote wa kituo chochote. Nasema tu jinsi mipaka ya ulimwengu ilivyo. Na katika mpango huo, kosa la kwanza la afisa si lazima liwe kupokea rushwa. Linaweza kuwa kutomtazama yule mama, kumwona kama gunia la tatu kwenye foleni, kutofungua kinywa kumwambia kwamba kuna cheti. Hapo ndipo suala la Majilio na umakini linapokuwa zito kuliko shada la mishumaa. Utovu wa haki mara nyingi huanza kama utovu wa umakini, na anayeutenda hulala usingizi kwa sababu kweli hakuona kitu.

Au chukua lumbesa. Kila mkulima wa Afrika Mashariki anaijua: gunia linalojazwa hadi pomoni, kisha likavikwa kofia ya wavu na kushindiliwa tena, huku bei ikibaki ya gunia moja. Kenya ilitunga kanuni za viazi mwaka 2019 zinazoweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia; Tanzania nayo imekuwa ikiipiga marufuku lumbesa mwaka baada ya mwaka. Bado ipo, kwa kuwa mkulima mwenye mazao yanayoharibika hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Nabii Amosi, karne ya nane kabla ya Kristo, anawaelezea wafanyabiashara waliokaa katika sikukuu ya mwezi mwandamo huku wakijiuliza itakwisha lini ili wafungue ghala. Mahubiri yetu ya Desemba yangekoma hapo: tazameni, miili imo ibadani, fikira zimo sokoni! Amosi hakomi. Anataja kipimo kilichopunguzwa, uzito wa fedha ulioongezwa, mizani ya udanganyifu, makapi yanayouzwa pamoja na ngano. Watu hao, tukiwatendea haki, waliitunza sikukuu kikamilifu. Hawakufungua duka kabla ya wakati. Kama dhambi ingekuwa kufikiria biashara siku ya ibada, wangetosheka kutubu kwa kufikiria mambo matakatifu zaidi, na mizani ingebaki vilevile. Ni rahisi mno kuhubiri dhidi ya soko kwa jumla. Dhidi ya lumbesa ni vigumu, maana mwenye lori huenda ndiye aliyetoa mabati ya kanisa.

Wapo watakaosema kwamba hoja yote hii inajengwa juu ya msimu wa kigeni. Majilio, watasema, yalizaliwa katika baridi ya Ulaya, na mishumaa yake ni ya watu waliokosa jua. Nakubali nusu. Asili ya shada la Majilio ni gurudumu lenye mishumaa ambalo mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alilitengeneza mwaka 1839 mjini Hamburg, kwa ajili ya watoto fukara aliokuwa akiwalea, waliotaka kujua zimebaki siku ngapi. Desemba ya Hamburg ina mchana wenye urefu usiofika saa nane, na mshumaa pale unasema neno. Illasit iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta, mchana wake wa Desemba una urefu unaopita saa kumi na mbili, na jua la saa saba halihitaji msaada wa mshumaa. Lakini Biblia inayosomwa katika Majilio haikuandikwa Hamburg. Somo la pili la Jumapili ya tatu ya Mwaka A linatoka Waraka wa Yakobo, na picha yake ni mkulima anayengoja mvua ya kwanza na mvua ya mwisho. Hiyo Kajiado inaijua. Majilio yanaangukia ndani ya mvua za vuli, na kungoja mvua huko si fasihi: kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, ng'ombe wakafa kwa maelfu, na hata pundamilia na tembo wa Amboseli wakaanguka. Anayengoja mvua kwa namna hiyo hakai bure. Mfugaji husoma mawingu na upepo, humhoji kila anayetoka mbali, hutuma watu wakakague malisho kabla hajasogeza mifugo. Kungoja kwake ni kazi ya macho. Na Yakobo, aya chache tu kabla ya pale somo la Jumapili linapoanzia, amewageukia wenye mashamba akisema kwamba ujira waliouzuia wa vibarua waliovuna unapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Somo tunalosomewa kanisani linaanza baada ya kelele hizo. Tukisikia subira bila kusikia ujira, tutamhubiria kibarua wa nyanya uvumilivu ambao Yakobo aliutoa baada tu ya kumsemea.

Pingamizi la ndugu wa makanisa yasiyoadhimisha Majilio, ambao Kenya ni wengi, lina jibu fupi. Wanasema msimu huu haumo katika Maandiko. Kweli haumo. Paulo aliwaachia Warumi uhuru katika suala la siku, mmoja aitukuze siku fulani na mwingine azione zote sawa, kila mtu athibitike katika akili yake. Ila swali la watu wa Yordani halikuwa la kalenda, na asiye na rangi ya zambarau ya Majilio madhabahuni bado ana mizani.

Pingamizi lililo zito linatoka upande mwingine. Kama Majilio yanaelekeza macho kwenye kurudi kwa Kristo, je, si afadhali tuyaelekeze horini, kwa usalama? Afrika Mashariki ina makaburi ya kulijibia swali hili. Kanungu, Uganda, mamia ya wafuasi waliteketea ndani ya jengo lao tarehe 17 Machi 2000, baada ya viongozi wao kutabiri mwisho wa dunia tarehe 31 Desemba 1999 na siku ikapita kama siku nyingine. Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Kwa mujibu wa mashtaka na ushuhuda wa walionusurika, watu waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, na watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Mtu akiyafikiria hayo halafu akaogopa mahubiri ya mwisho wa dunia, simlaumu. Hata hivyo tuangalie macho ya watu wale yalielekezwa wapi. Kanungu yalielekezwa kwenye tarehe, kitu ambacho Injili ya Jumapili ya kwanza inakizuia waziwazi kwa kusema siku hiyo haijulikani. Shakahola yalielekezwa kwenye mkutano wa kesho kwa namna iliyomfanya mtoto mwenye njaa aliye karibu asionekane tena kuwa mtoto mwenye njaa. Kukesha kwa Injili ni kinyume cha hayo. Bawabu wa Marko, ambaye bwana wake amesafiri, hahesabu siku. Analinda mlango, kila mtumishi akiwa na kazi yake.

Hapa John Mbiti, mwanateolojia wa Kianglikana aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, anatufaa hata tukimpinga. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba fikra za jadi zina Zamani ndefu na Sasa pana, lakini wakati ujao wa mbali ni kama haupo, kwa kuwa hakuna matukio ya kuujaza. Mghana Kwame Gyekye alimpinga akitumia lugha ya Waakan, na Mmasai anayejua rika gani la morani litafuata lipi naye angekuwa na lake la kusema. Madai yalikuwa mapana mno. Lakini katika kitabu kingine, cha mwaka 1971, Mbiti alichunguza jinsi mahubiri ya mambo ya mwisho yalivyopokewa na Wakamba, majirani wa Kajiado, na akaona jinsi mbingu, moto na kurudi kwa Yesu vilivyogeuka kuwa vitu vya kushikika, vya karibu, vilivyokatwa kutoka maisha ya kila siku. Somo lake kwangu ni kwamba ujao usiojazwa na kitu cha leo hujazwa na ndoto za yeyote mwenye kipaza sauti. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa karne ya 12, aliliona pengo hilo mapema. Katika mahubiri yake ya Majilio alisema ujio wa Bwana ni mara tatu: wa kwanza katika mwili, wa mwisho katika utukufu, na kati yake upo wa tatu, uliofichika, unaotokea sasa katika maisha ya watu. Wa kwanza umepita na wa mwisho haujulikani. Kama kuna ujio ambao macho ya binadamu yanaweza kweli kuuelekea siku ya Jumanne asubuhi, ni huo wa kati.

Na Kajiado kuna mahali ambapo kuutazama au kutoutazama huacha alama mwilini mwa mtu. Muhula wa tatu wa shule za Kenya hufungwa mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na shule hufunguliwa Januari. Likizo hiyo ndefu inayameza Majilio yote, na kwa wasichana wengi wa jamii za wafugaji ndiyo majira ya hatari, majira ya ukeketaji na ya kuozwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaukataza ukeketaji kabisa. Tanzania iliufanya kosa, kwa walio chini ya miaka 18, mwaka 1998. Mpaka lakini una pande mbili, na imeandikwa mara nyingi jinsi familia za Afrika Mashariki zinavyovusha wasichana kwenda ambako hawatatazamwa. Nice Nailantei Leng'ete, mzaliwa wa Kimana, mwendo mfupi kutoka Illasit, alitoroka ukeketaji akiwa na umri wa miaka minane, na mwaka 2018 jarida la Time likamweka katika orodha yake ya watu mia moja wenye ushawishi. Kilicholeta mabadiliko katika kazi yake na shirika la Amref ni kuketi na wazee na morani, mkutano baada ya mkutano, mpaka wakakubali kuzungumzia kilichokuwa hakizungumzwi. Sasa weka jambo hilo kando ya Jumapili ya nne ya Mwaka B, ambayo Injili yake ni ya malaika kumwendea Maria. Bernard huyohuyo, katika hotuba nyingine maarufu, anawaonyesha Adamu, Ibrahimu na Daudi, na ulimwengu mzima, wakiwa wamenyamaza kumngoja msichana wa Nazareti atoe jibu lake. Mungu amemuuliza, hachukui kabla hajaambiwa ndiyo. Parokia inayosoma habari ya msichana aliyeulizwa, katika wiki zilezile ambazo wasichana wa shule wa parokia hiyohiyo hawaulizwi, ina jambo la kuzingatia kabla ya kufika kwenye mapambo. Padre anayehubiri dhidi ya ununuzi wa nguo za Krismasi siku hiyo amechagua adui mwepesi.

Itasemwa kwamba kuchagua cha kuzingatia ni anasa ya walioshiba. Herbert Simon, mwanauchumi wa Marekani, aliandika mwaka 1971 kwamba habari zikizidi, kinachopungua ni umakini wa wanaozipokea, na tangu hapo simu zimelifanya neno lake kuwa dogo kuliko hali halisi. Kitengela, upande wa pili wa kaunti, mji wa wapangaji waliotoka kila pembe ya nchi kufuata kazi za Nairobi na Athi River, Desemba hufika kama mlolongo wa ujumbe: punguzo, mkopo, mchango wa harambee, nauli ya kwenda nyumbani iliyopanda tangu jana. Illasit mama wa nyanya anahesabu karo ya Januari. Ni nani mwenye haki ya kumwambia achague kwa utulivu? Nalikubali pingamizi hili kuliko yote, na nadhani linaigeuza hoja badala ya kuivunja. Masumbufu anayoyataja Luka yana chanzo, na mara nyingi chanzo hicho ni mtu mwingine: bosi ambaye hajalipa, mnunuzi aliyechukua mzigo kwa ahadi, mwenye gari aliyepandisha nauli kwa sababu anaweza. Yohane hakumpa asiye na kanzu maagizo yoyote. Alimwagiza mwenye mbili. Wajibu wa kukesha haugawanywi sawa. Unaongezeka kadiri mtu anavyoshikilia funguo za wasiwasi wa wengine. Dalali anayewalipa vibarua wake tarehe 20 badala ya kuwaambia waje baada ya mwaka mpya amewafungulia watu kadhaa nafasi ya kuinua vichwa, na hata kama hajawahi kuingia kanisani ameyafanya Majilio yawezekane nyumbani kwao.

Linabaki pingamizi la wacha Mungu, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watauliza kama sijaugeuza msimu mtakatifu kuwa semina ya maadili ya biashara. Kama Mungu mwenyewe amebaki na nafasi yoyote kati ya cheti cha uasilia na gunia la kilo 50. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943, angetusaidia, kwa kuwa alishikilia kwamba sala katika kiini chake ni umakini, na kwamba uwezo huohuo wa kunyamazisha nafsi na kungoja ndio unaotuwezesha kumuuliza mwenye mateso anapitia nini. Kwa maoni yake anayejifunza kusali anajifunza pia kumwona jirani. Lakini naona lazima nilikubali onyo lililomo katika pingamizi. Umakini kwa jirani usio na kimya nyuma yake hugeuka haraka kuwa pilikapilika nyingine ya Desemba, kamati na bajeti na picha za kugawa unga. Afisa aliyechoka hamwoni mama wa maharagwe kwa sababu tu ameambiwa amwone.

Kwa hiyo mpangilio wa mambo una uzito, na Kanisa la sehemu hizi tayari lina chombo kilichopangwa vizuri. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika shirikisho lao la AMECEA, walizifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, na nyingi zimejifunza kuisoma Injili ya Jumapili ijayo kwa zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya nne ni kimya. Ya sita ni kujadili kazi gani wanaitiwa. Katika jumuiya ya mji wa mpakani huweza kuketi, kwenye viti vya plastiki vya nyumba moja, mwenye lori, mchuma nyanya, mke wa polisi na mama anayevusha maharagwe, na wote wakasikia swali la watu wa Yordani likisomwa kwa sauti. Zikibaki dakika chache na watu wakaanza kuangalia saa, hatua rahisi kurukwa ni ya nne, na inayofuata kurukwa ni ya sita. Wakiruka ya nne, watajadili kazi kwa maneno waliyokuja nayo mfukoni. Wakiruka ya sita, mchuma nyanya atarudi kwake akiwa amesali pamoja na mdeni wake bila deni kutajwa.